Falis na Dubu wa Mto Cole

Falis alikuwa mama wa kantini katika shule moja ya msingi Small Heath, mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na minne aliyokaa Birmingham alikuwa amejijengea sifa moja tu, nayo ni ya kupotea. Alipotea mjini kati. Alipotea hospitalini, ghorofa ya pili, akitafuta mlango aliouingilia. Safari moja alipanda basi kwenda Washwood Heath kumtazama mgonjwa, akajikuta mwisho wa njia upande mwingine kabisa wa jiji, dereva amezima injini na anamwangalia kwa huruma. Binti yake Sagal alimwekea ramani kwenye simu, lakini Falis hakuiamini. Nyumba zote zilikuwa za matofali mekundu, milango imepangana kama meno, na lami haishiki kitu. Mtu aliweza kuikanyaga miaka nenda miaka rudi na isimkumbuke.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Alikulia nje ya Wajir, mtoto wa kwanza wa mzee asiyejaliwa mtoto wa kiume, na kazi ambayo kwa jirani ilikuwa ya wavulana ikamwangukia yeye. Ngamia akipotea, Falis ndiye aliyetumwa. Baba yake alimfundisha kusoma ardhi: unyayo wa mnyama mwenye kiu na wa aliyekwisha kunywa, wa mwenye mimba, wa anayeburuta mguu kwa sababu ya mwiba. Akiwa na miaka kumi na mitatu alimfuata ngamia jike siku nne, akamkuta amezaa chini ya kichaka, akarudi nyumbani na wote wawili. Kisha ukaja ukame, mifugo ikaisha. Aliolewa na Dahir, wakakaa Isli, Nairobi, wakapata njia ya kwenda Uholanzi, na mwaka 2003 wakaja Birmingham, ambako Dahir alipata kazi karakana ya treni kule Tyseley. Kote huko hakuna aliyemwuliza Falis kama anajua kufuata nyayo, naye hakuona sababu ya kulisema.

Kiangazi cha mwaka 2017 jiji lilikuwa likijiandaa kupokea dubu. Hawakuwa dubu wa kweli bali sanamu zilizopakwa rangi, za kusimamishwa mabarabarani na kwenye bustani ili watu wazunguke kuzitafuta. Shule nyingi zilipewa sanamu ndogo, watoto wa dubu, wazipambe wenyewe. Wa shule ya Falis alikuwa wa plastiki ngumu, kimo cha mtoto wa miaka saba, tumbo tupu, amefungwa kwa bolti nne juu ya kitako cha zege. Shule nzima ilichovya viganja kwenye rangi ikamgusa, mpaka hakukuwa na mahali pa kuweka hata kidole. Kwa wingi wa rangi hizo watoto walimpigia kura jina, akaitwa Biriani. Juma zima Falis na mwenzake wa jikoni, Vidya, walikuwa na kazi ya kusugua viganja vidogo kabla ya chakula cha mchana.

Vidya ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Alikuwa Mhindi wa Kisumu aliyekuja Uingereza akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani kwa baba yake, cha haraka, kisichojali sana sarufi. Wawili hao walipika kwa Kiingereza na kuzungumza kwa Kiswahili.

Alhamisi moja ya mwanzo wa Julai walifika kazini wakakuta watu wamekusanyika nyuma ya jiko. Kibanda alimokuwa amehifadhiwa Biriani kilikuwa kimevunjwa kufuli, na ndani hamkuwa na kitu. Lori la kumchukua kumpeleka kwenye nafasi yake mjini lilikuwa linakuja kesho yake, saa tatu asubuhi.

Askari polisi mmoja alifika, akapiga picha, akafuata alama za magurudumu zilizokatiza uwanja wa michezo hadi kwenye tundu la uzio, akapita kichochoro cha lami, akatokea barabarani. Alirudi akitikisa kichwa.

"Zinaishia barabarani," alimwambia mwalimu mkuu, Bi Hargreave. "Walikuwa na gari. Nadhani alfajiri ya leo. Sasa hivi atakuwa mbali."

Falis aliyasikia hayo akiwa mlangoni na ndoo ya maganda ya viazi. Akatazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha jana mchana, ikanyesha tena alfajiri, na udongo wa pembeni mwa uwanja ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Akaweka ndoo chini, akachuchumaa.

"Si alfajiri," alimwambia Vidya kwa sauti ndogo. "Ni jana jioni."

"Umejuaje?"

"Mvua ya alfajiri imetoboa alama. Ona hivi vishimo. Alama ilikuwepo, ndipo mvua ikaja juu yake. Na hawa hawana gari. Mwenye gari atasukuma toroli la dukani lenye gurudumu bovu la nini? Walikuwa wawili. Huyu mzito, anakanyagia kisigino. Yule mwingine viatu vyake vimelika upande wa nje."

Vidya aliacha kufuta mikono. "Ngoja kwanza. Hiyo yote wewe naona hapo kwa tope?"

"Iko wazi, dada Vidya."

"Kwangu iko tope tu."

Vidya alimshika mkono moja kwa moja hadi kwa mwalimu mkuu, akatafsiri kila neno. Bi Hargreave alisikiliza kwa adabu. Simu yake ilikuwa ikilia, wazazi walikuwa langoni, na macho yake yalikuwa mekundu. "Asante sana, Falis," alisema. "Polisi wanalishughulikia." Akaipokea simu.

Mchana ule sahani zilirudi dirishani zimejaa. Kulikuwa na kuku na viazi vya kuoka, chakula ambacho siku nyingine watoto waliomba nyongeza, na leo walikichezea kwa uma na kukirudisha. Falis alisimama mbele ya pipa akikwangua sahani moja baada ya nyingine. Alikuwa ameona kikao cha huzuni kama kile zamani, nyumbani kwao, watu wazima wamekaa kimya kwa sababu mnyama hajarudi. Wakati ule alikuwa anajua la kufanya.

Jioni alipofika nyumbani hakukaa. Aliswali alasiri, akavaa buti za mvua za Dahir, ambaye alikuwa zamu ya jioni, akazijaza soksi mbili mbili zimkae. Akajifunga shuka refu la pamba juu ya nguo.

Sagal aliinua macho kwenye vitabu vyake. Alielewa Kiswahili chote cha mama yake, lakini kila mara alimjibu kwa Kiingereza. Alimwuliza anakwenda wapi.

"Kumtafuta dubu wa shule."

Sagal alimtazama kidogo, kisha akasema kwamba atapotea.

"Nikipotea nitakupigia," Falis alijibu, akatoka. Ilikuwa saa moja kasorobo. Julai jua la Birmingham halizami mpaka saa tatu na nusu, kwa hiyo alikuwa na muda mpaka magharibi, na si zaidi ya hapo.

Alianzia kichochoroni nyuma ya shule. Lami ilikuwa na michirizi hafifu ya tope kwa hatua ishirini au thelathini hadi barabarani, kisha hakuna. Hapo ndipo askari aliporudi. Falis hakupoteza dakika kuikagua barabara. Baba yake alimwambia zamani kwamba alama ikifia juu ya mwamba, usiitafute juu ya mwamba. Nenda mwamba unapoishia, uuzunguke, mnyama lazima atashuka mahali. Barabara hii ilikuwa mwamba tu, mrefu na wenye kona nyingi. Akaanza kuizunguka kwa kufuata kingo zake: kila kipande cha nyasi kando ya njia, kila bustani iliyovunjika uzio, kila mahali ambapo lami iligusana na udongo.

Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Alitembea ameinama, mikono nyuma, na watu wakamshangaa. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga duka lake Coventry Road alimwuliza kama ameangusha kitu.

"Kuna mtu ninamtafuta," alisema Falis, akaendelea.

Aliikuta mahali ambapo Coventry Road inavuka mto Cole. Kando ya daraja kuna njia ya kuteremkia kwenye malisho ya chini, nguzo mbili za mbao zimesimama mlangoni. Katikati ya nguzo hizo, kwenye ukanda wa udongo usiozidi upana wa mkeka, gurudumu bovu lilikuwa limeandika mstari wake unaopindapinda, na vishimo vya mvua ya alfajiri juu yake. Pembeni palikuwa na kisigino kizito. Falis aligusa ukingo wa alama kwa kidole. Moyo ulimpiga kwa namna ambayo alikuwa ameisahau. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyekuwa akiongea lugha ya ugenini miaka mingi na ghafla amesikia yake.

Akateremka. Malisho yalikuwa yamelowa tangu kona hadi kona. Nyasi zilimfika magotini, zimelazwa na mvua, na chini yake maji yalikuwa yamesimama bila kuonekana. Kila hatua buti iliingia na kunyonywa, akaivuta, ikatoka na maji mapya. Nyuma yake magari yalivuma barabarani, na juu ya miti bomba la mtambo wa taka wa Tyseley lilitoa moshi wake mweupe ulionyooka. Yeye aliangalia nyasi tu. Kwa aliyejua kuangalia, njia ya toroli ilikuwa wazi kama barabara: nyasi zimevunjika zikielekea mbele, migongo yao ya rangi hafifu juu, na kila baada ya hatua kumi mahali ambapo wezi walikwama wakasukuma.

Mbele kidogo toroli lenyewe lilikuwa limeachwa, magurudumu ya mbele yamezama kabisa. Karibu nalo, limelala kwa ubavu, lilikuwa jiwe la mraba. Falis alilipindua. Kilikuwa kitako cha zege cha Biriani, matundu yake manne yakiwa matupu, na bolti nne zimetupwa kwenye nyasi. Akazikusanya, akazitia mfukoni.

Kuanzia hapo dubu alikuwa amebebwa. Yule mzito ndiye aliyembeba. Hatua zake zilikuwa fupi na zimeingia zaidi. Mwenzake alitangulia, akasimama kuwasha sigara, akatupa kijiti cha kiberiti, akaendelea. Walikuwa wamechoka. Falis aliona walipomtua chini mara mbili, na mara ya pili kulikuwa na punje ya rangi nyekundu kwenye jani. Kisha nyayo zikapinda kuelekea mtoni, na yeye akaongeza mwendo hata akasahau maji yaliyokuwa ndani ya buti.

Ukingoni nyayo ziliingia kwenye matete na kutoka bila mzigo. Walikuwa wamemficha humo waje kumchukua baadaye. Lakini mto ulikuwa umepanda tangu alfajiri. Maji ya kahawia yalikuwa yakipita mahali palipokuwa na ukingo jana, na matete yaliyovunjwa kutengeneza kitanda cha dubu yalikuwa yanapepea chini ya maji, matupu.

Falis alisimama pale. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya bomba la mtambo, mwanga umekuwa wa njano, na kwa mara ya kwanza alihisi baridi. Maji hayabaki na unyayo. Alifikiria kurudi, akafikiria sahani zilizojaa, akaendelea kusimama.

Ndipo akakumbuka laga za kwao, yale makorongo makavu yanayojaa maji kwa dakika chache mvua ikinyesha mbali. Mara ngapi walitafuta mbuzi waliochukuliwa na laga? Hukuwatafuta katikati. Uliangalia maji yanapogonga. Mzigo unaoelea hubebwa na mkondo hadi kwenye kona, ukatupwa upande wa nje, na ukikuta mti ulioanguka hubaki hapo. Na Biriani bila kitako chake alikuwa chombo kitupu. Alikuwa anaelea.

Aliokota gogo dogo, akalirusha mahali penye matete, akalifuata ukingoni kwa mwendo wa haraka. Lilipita kona ya kwanza bila kugusa kitu. Kona ya pili lilivutwa upande wa nje, likaingia chini ya mti mkubwa uliolala nusu majini, likasimama. Na kando ya gogo, katikati ya chupa, povu na majani yaliyokwama, Falis aliona sikio. Halafu pua. Halafu uso mzima uliojaa viganja vya rangi, umegeukia mbinguni, unapanda na kushuka na maji.

Alikaa chini akacheka peke yake.

Kumtoa hakukuwa jambo la kuchekesha. Mti ulikuwa na utelezi, na maji chini yake yalikuwa na nguvu. Alifungua shuka, akafunga ncha moja kwenye tawi nene na nyingine kiunoni, akaingia taratibu, mkono mmoja kwenye shina. Maji yalimfika mapajani, yakamfika kiunoni, baridi ikamkata pumzi. Buti moja ikavutwa na tope ikabaki huko. Alinyoosha mkono, akakamata sikio la dubu, likamponyoka. Akasogea hatua nyingine, akamkumbatia kwa kifua chote kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni, akarudi nyuma inchi kwa inchi mpaka mgongo wake ukagusa ukingo. Akajisukuma juu, dubu akaja naye, na wote wawili wakaanguka kwenye nyasi.

Alipopata pumzi alimkagua. Mguu mmoja ulikuwa na mchubuko mahali rangi ilipobanduka, upana wa sarafu. Viganja vyote vilikuwepo.

Akamwaga maji yaliyomwingia dubu, akalikamua shuka, akambeba mgongoni na kujifunga naye kifuani kwa fundo lilelile alilowabebea wanawe. Kisha akarudi kwa njia aliyojia, buti moja na soksi mbili, akifuata nyayo zake mwenyewe, na katika malisho yale yote hakupoteza hata hatua.

Alipopanda Coventry Road ilikuwa karibu magharibi. Maduka mengi yalikuwa wazi bado, na wanaume walikuwa wakielekea msikitini. Wa kwanza kumwona alikuwa yule mzee wa duka, amekaa nje na chai. Alisimama bila kuiweka chini. "Umempata mtu wako," alisema.

"Nimempata."

Habari zilimtangulia. Watu walitoka kwenye duka la simu, kwa kinyozi, kwenye mkahawa. Mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu shuleni alimtambua Biriani, akatoa kilio cha furaha, na wanawe wakakimbilia mbele, wakaanza kutafuta viganja vyao mgongoni mwa dubu huku Falis anatembea. Dereva wa basi alisimama akawaacha wavuke wote, akapiga honi mara moja ndefu. Mbele ya msikiti wanaume walifungua njia, na mmoja wao akamwambia kwa Kisomali, kwa heshima, maneno ambayo huambiwa mtu aliyerudi na mfugo. Falis aliitikia kama inavyopaswa, shingo imenyooka, maji yanamchuruzika.

Sagal alikuja akikimbia, simu mkononi, akamkuta njiani. Alikuwa amempigia mara kumi na moja. Alimtazama mama yake kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamwambia kwa Kiswahili.

"Mama, umelowa."

"Nimelowa," alisema Falis. "Mpigie dada Vidya. Mwambie alete funguo za jiko."

Vidya alikuja shuleni na gari, na Bi Hargreave akaja nyuma yake, viatu vya nyumbani miguuni. Inderpal, mtunza majengo ya shule, alichukua mkokoteni na tochi na kwenda kuleta kitako cha zege mahali Falis alipomwelekeza, naye akakikuta bila kuuliza mara ya pili. Bolti zilitoka mfukoni mwa Falis. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika mkono wake baridi na hauachii.

"Uliniambia asubuhi," alisema, na Vidya akatafsiri ingawa haikuhitajika. "Ulisimama mbele yangu ukaniambia, na sikukusikia. Nisamehe."

"Ulikuwa na simu," alisema Falis.

"Hiyo si sababu."

Asubuhi lori lilipofika saa tatu, shule nzima ilikuwa uwanjani. Biriani alikuwa amesimama juu ya kitako chake, amekauka, na mchubuko wa mguuni umeachwa vilevile kwa sababu watoto walikataa ufunikwe. Bi Hargreave alimwita Falis mbele, na Falis akaja na aproni yake. Watoto walipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Askari wa jana naye alikuja. Aliomba aonyeshwe zile alama za pembeni mwa uwanja, akachuchumaa kando ya Falis kwa robo saa, akiandika. Wezi hawakujulikana, lakini yeye aliondoka anaangalia viatu vya kila mtu. Mchana sahani zilirudi tupu.

Muhula mpya ulipoanza Septemba, Bi Hargreave alimwomba Falis awe anatoka jikoni saa moja kabla ya wakati kila Ijumaa. Aliwachukua watoto wa darasa la nne kwenye malisho ya mto Cole, wote na buti, Vidya akiwa nyuma kuhesabu vichwa. Siku ya kwanza aliwasimamisha mahali penye tope, akawakataza kukanyaga.

"Nani amepita hapa?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha polepole.

Walisema mbwa. Akawauliza mbwa gani, mkubwa au mdogo, anakimbia au anatembea, na alikuwa na nani. Kisha mmoja baada ya mwingine wakapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, pua karibu na ardhi, wakaanza kusoma.